Kifaru Chenye Mlango Ubavuni

Jumapili, tarehe 19 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumua kidogo adhuhuri, kisha ikarudi na upepo. Nguo hazikukauka.

Leo mjukuu wangu alikuwa mezani na boksi alilotumiwa na babake kutoka ng'ambo. Ndani mna vipande vya plastiki vyenye nambari, gundi, na vikopo vya rangi vidogo kuliko vikombe vya kahawa. Ndio mchezo wake huo: huunda magari ya vita ya zamani, akayapaka rangi, akayapanga juu ya kabati. Mimi huwa sitii neno, maana macho yangu hayavioni tena vitu vidogo. Lakini leo aliniwekea kimoja kiganjani akasema, "Nyanya, kipapase hichi. Askari wa huku kwetu walikwenda nacho Uhabeshi." Nikakipapasa. Kilikuwa na magurudumu manne, na ubavuni palikuwa na mlango mdogo.

Nikamwomba anisomee karatasi iliyokuja na boksi. Kisha nikamwambia arudie. Chai yangu ikapoa.

Utanisamehe nikirudi nyuma, maana bila hivyo hutajua kwa nini mwanamke wa umri wangu apotewe na hamu ya chai kwa sababu ya mlango wa plastiki.

Wakati wa ile vita kubwa ya pili nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Cheti sina, na waliojua wameshatangulia. Tulikaa Mji wa Kale, bibi yangu aliyenilea, mjomba, na mimi. Usiku bibi alitundika kaniki madirishani ili taa isionekane nje, na mchana malori ya jeshi yalipita kwenda Kilindini mpaka sahani zikagongana rafuni. Mchele ulikuwa adimu. Tulikula sima ya mahindi ya manjano, bibi akiimeza kama dawa. Ila asubuhi za Ijumaa hatukukosa mahamri. Sijui unga aliupata wapi, lakini nikifumba macho hata sasa nasikia harufu ya iliki.

Mjomba alikuwa ametoka huko Uhabeshi, alikokwenda na jeshi kutengeneza barabara. Alirudi na mguu mmoja mzito na hadithi nyingi. Sitaki umdhanie vibaya, kwa hivyo nataja mema yake kwanza. Ndiye aliyenifundisha herufi za Kizungu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyuma ya jiko. Hakunipiga hata siku moja. Na tukila samaki, mashavu ya samaki alinibandulia mimi.

Hadithi niliyoipenda ilikuwa ya kifaru, lile gari la chuma lenye mzinga. Alisema lilimpita barabarani karibu hata akahisi joto lake. "Lina magurudumu manne manene," alisema, "na mlango ubavuni. Askari aingia kwa mlango, kama mtu aingiavyo kwake." Nikamwambia nataka kukiunda. Mjomba mwingine angecheka. Huyu alichukua fimbo yake akaenda kunitafutia bati.

Mwili ulikuwa mkebe wa biskuti. Fundi wa bati wa kichochoroni kwetu alinikatia pale mkono wangu uliposhindwa, na akaniungia pembe kwa risasi ya kuyeyusha. Magurudumu yalikuwa vibiringo vya mbao vya uzi, vilivyokatwa katikati. Mzinga ulikuwa ufito wa mwavuli, na kichwa cha kifaru kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Misumari ya chuma niliiigiza kwa kugonga bati kutoka ndani kwa ncha ya msumari, ikatokeza nje kwa safu, kama shaba za milango ya mtaani kwetu. Mlango ndio uliokula siku nyingi. Nilitaka ufunguke. Mjomba alikaa nami uani, mguu ameunyosha, akisema, "Ushushe kidogo. Hapo. Hapo ndipo ulipokuwa." Ulipofunguka kwa ukucha na kufungika bila kelele, alinitazama kama mtu aliyelipwa.

Rangi ilinitesa. Nilichekecha udongo nikauchanganya na mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo mafuta niliyoyajua. Haikukauka, na asubuhi kifaru kilikuwa cheusi kwa sisimizi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba akaniletea mabaki ya rangi ya mafuta waliyopakia madirisha, na tapentaini kwenye chupa. Nikaitia udongo ule ule mpaka ikawa rangi ya mchanga, kisha nikachora mabaka ya kijani kwa kijiti cha chelewa, uti wa jani la mnazi, ambacho bibi alichorea hina maharusi. Mkono wangu ulikuwa mtulivu. Hilo naweza kulisema bila kujisifu, maana utulivu huo umeshaniacha.

Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu. Shuleni kwao, Kizingo, yangefanywa maonyesho ya kazi za mikono za watoto kuhusu vita: meli, ndege, na kadhalika. Mjomba akamwambia kuhusu kifaru changu. Mwalimu alisema kazi ya msichana ataipokea, mradi iwe sahihi, isije ikachekwa na wakubwa wake.

Bibi naye alikuwa na neno lake. Wasichana wa rika langu walikuwa wakianza kuwekwa ndani, na jirani walishauliza. Alinambia mbele ya mjomba, "Mwalimu akikikubali, utakwenda na mjombako Kizingo ukione kimewekwa, na mwaka huu nitakuacha utembee. Akikikataa, mabati yametosha. Utakaa ndani ujifunze kushona." Mjomba akasema, "Atakikubali." Nilitaka kutembea mwaka mmoja zaidi. Sikutaka kingine.

Tulikipeleka barazani alasiri, saa ya kahawa. Wanaume walikuwa wamekaa, mwuza kahawa akigonganisha vikombe. Nilimwamkia kila mmoja, nikakiweka kifaru juu ya baraza mbele ya mwalimu. Alikigeuza taratibu, akapapasa ile misumari. "Mkono mzuri," akasema. Nadhani alikuwa karibu kukikubali. Nadhani tu.

Pale palikuwa na karani wa bandarini, mtu wa mzaha, aliyekuwa akipendwa na kila mtu. Alisogea akainama.

"Hiki ni kitu gani, yakhe?"

"Kifaru," nikasema.

"Kifaru? Vifaru tumevishusha wiki hii hii, mwanangu. Kifaru chatambaa kwa minyororo, na watu huingilia juu. Hili ni gari la bofulo, la kuuzia mikate." Akabisha kwenye mlango wangu kwa ukucha. "Hodi humo ndani! Nipe bofulo mbili, za moto."

Baraza zima likacheka. Mwuza kahawa alimwaga kikombe. Mimi sikulia, kwa sababu mjomba alikuwapo. Nilimtazama nikingoja.

Mwalimu naye akamgeukia. "Wewe ndiwe uliyekuwa vitani. Ndivyo ulivyomwelekeza?"

Mjomba aliweka kikombe chake chini. Kisha akacheka, nyuma ya wenzake, kama mtu aliyechelewa kuuelewa mzaha. "Mimi? Mimi nilimpa bati tu. Mtoto huyu ana ndoto zake. Nilimwambia hakiko hivyo, hasikii."

Mwalimu alinirudishia kwa mikono miwili. "Chukua, mwanangu. Ni kazi safi, lakini si kifaru." Alisema kwa upole, na sina kinyongo naye.

Jioni ile mjomba alirudi na halua ndani ya kikanda cha ukili, nyeusi na ya lozi, wakati ambapo sukari ilikuwa taabu kupatikana. Aliiweka karibu na mkeka wangu akaenda zake. Niliila. Ilikuwa tamu sana, na nilichukia kwamba ilikuwa tamu. Hakusema kitu, wala siku ya pili, wala miaka yote aliyoishi baadaye. Aliendelea kunibandulia mashavu ya samaki. Bibi alishika neno lake. Kabla ya mwezi kuandama nilikuwa ndani na sindano. Watoto wa kichochoroni, wakipita chini ya dirisha, waliita, "Bofulo ngapi leo?" Kifaru bibi alikifanya mkebe wa vifungo vya nguo. Hewa ya chumvi ikakila, mlango ukaanguka kwanza.

Sasa, miaka yote hii nilikuwa na maelezo yangu, na yalinitosha. Nilijiambia kwamba mjomba hakuwahi kuona kifaru. Alikuwa mtu wa sururu aliyetaka kuwa na hadithi kama wenzake, akabuni magurudumu na mlango ili kumfurahisha mtoto. Akabanwa, akajiokoa. Mtu aliyebanwa na uongo wake naweza kumsamehe, na nilimsamehe. Nilipokaa na watu wakati wa maziko yake, nililia kweli.

Leo karatasi ya mjukuu wangu yasema kwamba gari lile, la magurudumu manne na mlango ubavuni, lilikwenda vitani Uhabeshi, kwenye barabara zile zile. Haliitwi kifaru, lina jina lake. Mjomba alikosea jina tu. Gari aliliona. Lilimpita karibu hata akahisi joto lake, na mlango ulikuwa pale pale alipouonyesha kwa kidole. Kwa hivyo barazani hakuwa na uongo wa kuficha. Alikuwa na kweli mkononi, nayo ilihitaji maneno machache: mimi ndiye niliyemwambia, na ndivyo nilivyoona.

Najaribu kuwa mwadilifu. Pengine karani aliposema aliingiwa na shaka na macho yake mwenyewe. Mimi pia huingiwa na shaka upesi. Pengine kwa mtu wa mguu mzito, baraza lile ndilo lililobaki. Hayo yote yawezekana. Lakini alisema aliniambia hakiko hivyo, na hilo hakuliona Uhabeshi. Alilitunga palepale, juu yangu, nikimtazama.

Baraza lile siku hizi lina geti la chuma na mitungi ya gesi ya muuzaji mmoja. Fundi wa bati hayuko, wala mlio wa nyundo yake, na vikombe vya kahawa sivisikii. Hayo yote nimezoea kuyakosa. Mjomba wa jana, yule mwongo niliyekuwa nimemsamehe, nilimpenda, na leo mchana yeye pia ameondoka.

Mjukuu aliniuliza apake rangi gani. Nikamwambia rangi ya mchanga, na mabaka ya kijani, na asitumie mafuta ya nazi. Akacheka, akadhani natania.

Usiku tumekula wali wa nazi, mchuzi wa kamba, na achari ya ndimu. Mkwe wangu alikuwa amepita sokoni Marikiti akaja na halua. Nilikula kipande kimoja, kwa kuwa halua haikumkosea mtu.