Mistari Miwili ya Mwisho ya Mjane Pobjoy

Juma moja baada ya ibada ya mazishi na kuchomwa kwa mwili wa kaka yangu, Bwana Ormerod alikuja nyumbani kwangu na keki ya tangawizi. Nilipoiona ile keki nilijua amekuja kuomba kitu. Ndivyo alivyokuwa akimwendea kaka yangu Alwyn miaka yote: keki mkononi, kofia kwapani, ombi mdomoni. Yeye ni muuza samani, na ndiye mwenyekiti wa bodi ya ukumbi wa michezo wa mji wetu wa Cawdale, ukumbi ambao Alwyn aliuongoza mpaka moyo wake ulipochoka.

"Bi Threlfall," alisema, akikaa kwenye kiti cha kaka yangu bila kujua, "bodi tumekaa, tumeona hivi. Majivu ya Alwyn yabaki pale ukumbini. Tutayaweka chini ya mbao za jukwaa, upande wa kushoto, pale alipozoea kuingilia. Na ukumbi tutauita kwa jina lake. Hapo hatatuacha kamwe."

Nilimwambia anipe muda mpaka siku ya kwanza ya mchezo wa Krismasi, nami nitamjibu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na nia yangu. Wazazi wetu wamelala nyuma ya kanisa letu la Methodisti, na kwenye jiwe lao tuliacha nafasi ya majina mawili, la Alwyn na langu. Nilitaka majivu yake yalale pale, nami nimfuate, Mungu atakaponiita.

Alwyn alikuja kuongoza ukumbi wa Cawdale akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Alisema atakaa miaka mitatu, ajifunze kazi, kisha aende miji mikubwa. Alileta tamthilia nzito, za watu waliokuwa wakiwaza sana na kula kidogo. Alizifanyia mazoezi kama mtu anayefunga na kuomba. Watu wa Cawdale walikuja wachache, wakakaa na makoti yao, na wakati wa mapumziko wengine walikwenda kunywa chai wasirudi.

Halafu Krismasi moja mwigizaji aliyekodiwa kucheza Mjane Pobjoy alivunjika mguu. Kwetu mchezo wa Krismasi hauendi bila mama wa kuchekesha, na mama huyo lazima awe mwanamume mwenye wigi na matiti ya mito. Hapakuwa na mwingine anayeyajua maneno. Alwyn alivaa gauni, akatoka jukwaani na kikapu cha vitunguu, akasema, "Watoto wangu, mlango nimeufunga."

"Hujaufunga!" watoto wakapiga kelele, maana ndivyo wanavyofundishwa tangu wakiwa mapajani: mtu wa jukwaani akisema hivi, wewe unapinga.

"Nimeufunga."

"Hujaufunga!"

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Niliwaona wazee wa kanisa, watu wasiocheka hata harusini, wakijifuta machozi kwa kicheko. Nilicheka nami. Sikujua kwamba ule mlango ulikuwa unafungwa kweli.

Tangu hapo hakuna Krismasi iliyopita bila yeye. Mchezo ule mmoja ulikuwa unaulisha ukumbi mwaka mzima, na mchezo wenyewe ulikuwa ni yeye. Sokoni muuza samaki alimwita, "Mama Pobjoy, leo unapika nini?" Naye alijibu kwa sauti ya Pobjoy, kwa sababu asipojibu watu walimwona anaringa.

Mwaka mmoja aliongoza tamthilia ya mfalme anayepoteza wanawe vitani. Mwigizaji mmoja akapatwa na homa, Alwyn akashika nafasi yake, nafasi ndogo ya mjumbe anayeleta habari za msiba. Aliingia akapiga goti na kusema, "Mfalme wangu, mwanao amekufa." Ukumbi mzima ukacheka. Hawakuwa na ubaya. Walimwona Pobjoy tu. Alisimama pale, uso umemshuka, akangoja wamalize, akasema tena. Wakacheka zaidi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye daraja aliniambia, "Edie, ningekuwa gerezani ningeshaachiliwa sasa."

"Usiseme hivyo, kaka. Watu wanakupenda."

"Najua. Ndiyo maana hakuna ukuta wa kubomoa."

Kazi aliipata nje zaidi ya mara moja. Kulikuwa na jiji moja la kusini, kwenye mto mpana wenye meli. Alikwenda kuuona ukumbi wao, akarudi akizungumza kama mtu aliyechumbia. Chumba chao cha mazoezi kina dirisha linaloangalia mto, alisema, na pale hakuna mtu aliyewahi kumwona amevaa gauni. Aliandika barua ya kuacha kazi. Bwana Ormerod akaja na keki.

"Sikuzuii, Alwyn. Nani akuzuie? Ila paa linavuja, na watoto wameshaanza kuuliza. Krismasi hii tu."

Alwyn akasema sawa, Krismasi hii tu. Wale wa kusini hawakungoja. Na mara nyingine ilikuwa hivyo hivyo: keki, paa, watoto, Krismasi hii tu. Kaka yangu aliweza kumkemea mwigizaji mwenye jina kubwa mpaka alie, lakini hakuweza kusema hapana kwa mtu aliyeshika keki. Mimi nilikuwa nikimwombea kila jioni kwamba Mungu amfungulie mlango. Sikumpangia Mungu upi.

Mwaka huu, vuli ilipoanza, alikuwa jikoni kwangu nikimshonea kifungo cha aproni ya Pobjoy. Alisema, "Nimepata njia, Edie. Nitawaambia jukwaani."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba naondoka. Kwenye mistari miwili ya mwisho. Nikishasema mbele ya ukumbi mzima, Ormerod ataniendea na keki gani?"

Lazima nieleze jambo hili. Mchezo wetu wa Krismasi humalizika kwa mistari miwili yenye vina, na hakuna mwigizaji atakayeitamka kwenye mazoezi. Hufika pale, huinama tu na kwenda zao. Wanaamini mchezo usikamilishwe kabla watazamaji hawajaketi, la sivyo utapata balaa. Alwyn ndiye aliyetunga mistari ya mwaka huu, na aliiweka kichwani.

"Basi niambie mimi," nikasema.

"Maana nimekupa. Maneno hapana."

"Huo ni ushirikina, kaka. Mtoto wa mhubiri wewe."

"Si ushirikina, ni adabu. Wewe huanzi kwa Amina." Akajifunga aproni, akajitazama kwenye dirisha lenye giza, akacheka kwa sauti yake mwenyewe. Nilikuwa sijaisikia siku nyingi.

Moyo ulimshika kwenye mazoezi, kabla ya mchezo kufunguliwa. Hospitalini nilimshika mkono, nikasali Baba Yetu. Alifuata midomo kidogo kidogo. Nilipofika mwisho nilingoja aseme Amina. Alinitazama tu, kama mtu anayeangalia kama viti vimejaa. Kisha akatutoka.

Hilo limenisumbua kuliko kifo chenyewe. Mchungaji wetu amenihakikishia kwamba Mungu huipokea sala hata isipofungwa. Ninajitahidi kuamini.

Siku ya kwanza ya mchezo ilifika. Nafasi ya Pobjoy ilishikwa na Gordon Pilling, kijana mwema ambaye siku zote alicheza miguu ya nyuma ya farasi wa kitambaa. Alijitahidi. Mwisho ulipofika waigizaji wote walijipanga, na Gordon akavua wigi.

"Mistari ya mwisho ya mchezo huu aliitunga Alwyn, na hakumwambia mtu," alisema. "Hatutaweka mingine. Ila tunamwomba dada yake apande, aseme lolote analopenda."

Sikuwa nimejiandaa. Nilipanda na mkoba wangu, kama mtu anayekwenda kushiriki Meza ya Bwana. Taa zilinipiga usoni. Bwana Ormerod alikuwa safu ya mbele akiniitikia kwa kichwa. Nikafikiri: kama si mimi, nani mwingine atawaambia?

"Alwyn hakuniachia maneno," nilisema. "Aliniachia maana. Alikuwa amepanga awaambie leo kwamba amechoka na kazi hii, na kwamba anaondoka Cawdale."

Halafu kutoka ghorofa ya juu mtoto mmoja, sauti nyembamba, akafanya kama alivyofundishwa.

"Haondoki!"

Mtu akacheka, mwingine akalia. Nami, Mungu anisamehe, nilijibu, maana nilidhani hawakunielewa.

"Anaondoka. Alikuwa amekwisha kuamua."

"Haondoki!" Sasa ulikuwa ukumbi mzima, wazee, mama zao, muuza samaki, waigizaji nyuma yangu, machozi yakiwatiririka. "Haondoki!"

Walikuwa wanamlilia kwa njia pekee aliyowafundisha yeye. Nikaelewa, nikiwa nimesimama mahali pake, kwamba hata angekuwa hai wangempigia kelele hizo hizo, naye angejibu kwa sauti ya Pobjoy, wangecheka, na kesho yake paa lingekuwa linavuja.

Mlangoni Bwana Ormerod alinisubiri, macho mekundu. "Umewasikia mwenyewe, Bi Threlfall."

"Nimewasikia."

"Basi majivu…"

"Hapana, Bwana Ormerod."

Akakunja kofia mikononi. Hakuwa mtu mbaya, sitaki kumsingizia. "Basi hata Krismasi hii tu," alisema taratibu. "Mpaka mchezo uishe. Kisha umchukue."

Nilihisi mdomo wangu ukijiandaa kusema sawa. Ni neno jepesi, na kila mtu alikuwa amenikumbatia. Nikakumbuka kwamba ukisimama kwenye kaburi la wazazi wetu, paa la ukumbi linaonekana juu ya ukuta wa kanisa. Hata mimi, kwa ile nafasi kwenye jiwe, nilikuwa nimemwekea keki yangu.

"Hapana," nikasema tena, nikatoka.

Jumatatu nilipanda treni ya kusini, sanduku la majivu nimelipakata chini ya koti. Ule mto ni mpana kama alivyosema. Niliuona na ukumbi wao, na dirisha moja refu juu. Meli ilikuwa inapita. Hakuna aliyenijua, wala aliyemjua yeye. Nilifungua kifuniko, upepo ukachukua sehemu yake kabla sijawa tayari, mengine nikayamwaga mwenyewe.

Nafasi yake kwenye jiwe itabaki tupu, na mimi nitalala pale bila yeye. Nilisali Baba Yetu tena tangu mwanzo, bila haraka. Nilipofika mwisho nilitazama kama kuna mtu yeyote nyuma yangu. Hapakuwa na mtu wa kupinga. Nikasema Amina kwa niaba yake.