Neno Aliloshika Haji

Mtu wa Nairobi asingeliita gazeti. Lilikuwa kurasa chache zilizobanwa pini pembeni, wino umevuja hapa, umefifia pale, na ukilishika kabla halijakauka unaondoka na habari vidoleni. Watu wa Isiolo waliliita Karatasi, na sisi tuliolitengeneza tukalizoea jina hilo. Halikuwa la faida. Mashine ya kuchapia, ya kuzungusha kwa mkono, ilitoka misheni, taipureta ilikuwa ya kuazima, na chumba kilikuwa stoo ya ngozi ya mwenyekiti wetu. Mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya ng'ombe waliouzwa zamani.

Nimekaa miji mingi tangu wakati huo. Nikiwa Moyale niliitamani Lodwar, na Lodwar sikumaliza msimu kabla ya kuanza kuulizia lori la kuondoka. Lakini nikisikia harufu ya wino mahali popote, hata posta, narudi kwenye stoo ile, na nikirudi sifurahi.

Waliokuwa wakiongoza Karatasi walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kiborana, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyewahi kufika Maka, na kwa hiyo mji mzima ulimwita Haji. Kurani aliisoma bila kukwama, lakini herufi za shule hazikumwingia. Wa pili alikuwa katekista wa misheni, Mturkana mrefu mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, tuliyemwita Mwalimu. Wa tatu alikuwa mzee wa Kisomali aliyestaafu ukalimani wa mahakama, na cheo chake cha zamani kilibaki kuwa jina lake: Mkalimani. Wa nne alikuwa mama wa Kimeru mwenye hoteli ya chai karibu na pale malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Marsabit. Huyo alikuwa Mama Hoteli. Mimi nilikuwa mwandishi na mchapaji wao, mtu wa kidato cha nne niliyerudi nyumbani baada ya kukosa kazi kwingine.

Kila kikao kilianza kwa matusi ya kirafiki. Haji alikuwa akimuuliza Mwalimu lini atarudisha mbuzi wa babu yake waliochukuliwa na babu wa Mwalimu.

"Nyama tulikula, Haji," Mwalimu alikuwa akijibu. "Ngozi tukakuletea wewe ukauza. Sasa nani anadai mwenzake?"

Mkalimani alikuwa akitafsiri utani huo kwa sauti ya mahakama, kana kwamba hakimu yupo, na Mama Hoteli akimwaga chai kwa kucheka.

Kisha kazi. Haji aliweka sheria moja mwanzoni kabisa: Karatasi haitaji kabila, na aliyekufa kwa mapigano hatajwi jina. "Jina ni kabila," alisema. Na ni kweli, kwetu ukisikia jina la mtu umeshajua nyumba yake, kisima chake, na watu watakaoshika silaha kwa ajili yake. Hatukuandika pia mifugo iliyochukuliwa imeelekea wapi, maana habari hiyo huwainua vijana kufuata nyayo.

Sheria ya pili ilikuwa ya kusoma. Kabla sijagusa stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, nilisoma kila kitu kwa sauti. Mkalimani alikigeuza kwa Kiborana na Kisomali, Mwalimu kwa Kiturkana, na Mama Hoteli alirudia kwa Kimeru kimoyomoyo, midomo ikicheza. Yeyote asiyeridhika alisema, "Nashika neno." Neno likishikwa, hakuna kilichochapwa, hata ukurasa wa bei za soko, mpaka mwenyewe aseme ameachilia. Hatukuwa na kura. Mara moja niliandika "upungufu wa chakula" kama tangazo la serikali lilivyosema, na Mama Hoteli akalishika tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alitaka niandike njaa. Niliandika njaa.

Neno lililojificha katika Kiswahili lilikamatwa likivuka kwenda lugha nyingine. Ndiyo sababu tulisoma.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mvua zilikosa, zikakosa tena. Mifugo ya watu wengi ilisogezwa Kipsing, ambako kulisemekana bado kuna majani, na kwa kuwa kila mtu alisikia hivyo, watu waligombania maji. Kitinda mimba wa Haji alikuwa huko na mbuzi wa nyumbani. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari kwamba ameuawa, na kwamba wenzake wamemzika palepale.

Mwalimu hakuwepo mjini. Wiki ile yote alikuwa Gotu akifundisha watu wake wa ubatizo, na habari hiyo haikumfikia. Mkalimani alitoka msibani akaja stoo na ujumbe: Haji anataka Karatasi itoke kabla ya sala ya Ijumaa, ili jamaa walioko mbali wajue, na iandikwe kama tulivyoandika za wengine. Maneno yote ameyaachilia.

Mama Hoteli aliuliza kuhusu kusoma.

"Tumsomee nani?" Mkalimani alisema. "Mmoja ana msiba, mwingine yuko Gotu."

Kwa hiyo habari iliandikwa kwa sheria ya Haji mwenyewe, bila jina, bila kabila, bila mifugo: Mchungaji ameuawa karibu na Kipsing. Alikuwa peke yake. Amezikwa huko. Tunaomba amani.

Sote watatu tulisoma mchungaji tukaona kijana na fimbo yake. Mama Hoteli alikuwa mtu wa kanisa, hakukosa Jumapili hata moja, lakini alishajua nani amekufa, na anayejua haoni neno jingine lililokaa ndani ya lile analolisoma.

Ijumaa ilipita bila shida. Watu wa msikitini walisoma, wakamwombea marehemu. Jumapili nakala zilipelekwa milango ya makanisa kama kawaida. Na huko, mchungaji hatembei nyuma ya mbuzi. Huko mchungaji ana tai na Biblia. Mhubiri wa kanisa moja dogo la mabati, upande wa barabara ya Meru, alikuwa amepanda Kipsing kuhubiri, na lori lililopaswa kumrudisha lilikuwa halijaonekana. Mkewe alipewa Karatasi akitoka ibadani.

Kabla ya saa sita uwanja mbele ya stoo ulikuwa umejaa. Mama yule alikuwa ameketi mavumbini, kitambaa kimemtoka kichwani, na wanawake wamemshika mikono asijiumize. Vijana wenye fimbo walitaka kujua nani ameua, na kwa nini sisi tumeficha jina. Mwalimu aliteremka kutoka kwenye gari la misheni lililomleta kutoka Gotu, akasikia pale pale, akaanza kulia waziwazi. Yeye na mhubiri yule walilelewa mtaa mmoja.

Wakati huohuo Haji alifika, Mkalimani amemshika mkono. Alikuwa hajasikia Karatasi ikisomwa, na alikuja asomewe habari ya mwanawe. Watu wengi wa upande ule wa mji hawakujua ana msiba. Walimwamkia, wakampa benchi mlangoni kwa heshima ya umri wake.

Nilisimama juu ya sanduku la wino nikaeleza. Nilisema aliyeuawa si mhubiri. Ni kijana wa kuchunga mifugo.

Kisha mke wa mhubiri alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko, na wanawake wakapokea kwa vigelegele. Watu walikumbatiana. Mwalimu aliinua mikono juu, machozi bado yanatiririka.

"Asante Mungu," alisema. "Kumbe ni mchungaji wa mbuzi tu."

Mama Hoteli alimshika mkono kwa nguvu, lakini alikuwa ameshamaliza kusema.

"Ya mbuzi ni yangu," Haji alisema kutoka kwenye benchi.

Hakupandisha sauti. Mwalimu aligeuka akamwona, akamwona na Mkalimani aliyefunika uso wake kwa kilemba, na mikono yake ikashuka polepole. Vigelegele vilikuwa vinaendelea, vikielekea barabarani, kwa sababu mama yule alikuwa anapelekwa nyumbani kwa furaha.

Msiba ulipokwisha tulikutana. Mwalimu hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, miguu yake mirefu ikijaza nafasi yote kati ya mashine na mlango, akaomba msamaha kwa Kiborana, kibaya lakini cha kueleweka. Haji alimpa mkono, akamvuta ainuke.

"Wewe hukujua," alimwambia. "Mimi na wewe hatuna neno. Lakini karatasi iko na neno, na hiyo mimi nashika."

Tulidhani ni jambo la siku moja. Mwalimu alipendekeza kwamba kuanzia sasa tuandike "mchungaji wa mifugo" tunapomaanisha huyo. Haji alimsikiliza Mkalimani akitafsiri, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Kwa nini yenu ni mchungaji, basi?" aliuliza. "Yangu tu inaongezewa mbuzi?"

Mwalimu akasema basi mhubiri aitwe mhubiri. Mama Hoteli alitikisa kichwa, akasema hakuna mtu wa kanisani atakayeacha kumwita mchungaji wake mchungaji kwa sababu ya karatasi. Tulijaribu mfugaji, lakini kijana hakuwa na mfugo hata mmoja wa kwake. Tulijaribu kijana, na Haji akasema vijana ni pamoja na waliomuua. Mwisho Mama Hoteli alisema jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka, kwamba tuandike jina lake na jambo liishe.

Nadhani ndilo alilolitaka Haji kuliko kitu chochote duniani, jina la mwanawe katika herufi ambazo yeye mwenyewe asingeweza kuzisoma. Mkalimani alikumbusha taratibu kwamba tukiandika jina moja, kila nyumba itadai la kwao, na watu wataanza kuhesabu wafu kwa kabila kwenye kurasa zetu. Alimkumbusha Haji nani aliweka sheria hiyo.

"Ni mimi," Haji alisema. "Jina hapana. Tafuteni neno."

Tulikutana tena, na tena. Haji alikuja kila mara, akanywa chai, akauliza kama neno limepatikana, akaondoka kwenda soko la mifugo. Utani wa babu zao ulikufa. Mwalimu aliwahi kuufungua mdomo wake kuujaribu, nikaona akiufunga kabla ya kutamka mbuzi.

Kisha msiba ukaenda Gotu. Watu walivamiwa kwenye maji, na waliouawa walikuwa watu wa Mwalimu, mmoja wao mtoto wa dada yake. Alikuja stoo akiwa na vumbi la njiani bado usoni. Aliniambia, nikaandika. Nilipofika mahali pa kusema mtoto yule alikuwa nani, kalamu yangu ilisimama, naye akaona imesimama.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa anachunga."

Nilikwenda kwa Haji na karatasi ile. Nilimkuta uani. Nilimsomea yote, na Mkalimani, aliyekuwa amekaa naye, akageuza kila sentensi kama zamani. Haji alimwombea mtoto kwa Mungu. Aliuliza kama mama yake alifika kabla mtoto hajazikwa. Kisha nikamwuliza kuhusu neno.

"Sijaachilia," alisema. "Nikiachilia leo, nimeachilia kwa sababu ya mtoto ya nani?"

Mama Hoteli alikasirika aliposikia. Alisema mashine ipo na wino upo, mzee amepotewa na akili kwa uchungu, na watu wa Gotu hawawezi kufa bila hata mstari mmoja. Alikunja mikono ya sweta, akashika mpini wa mashine yeye mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyemzuia.

"Mama, wacha," alimwambia. "Nikichapa wangu bila yeye, nitakuwa nimesema tena ile maneno."

Haikuchapwa. Habari za Gotu zilifika mjini kwa miguu ya watu, na miguu ya watu haina kamati. Hotelini niliwasikia wafu wakiongezeka kati ya chai ya asubuhi na ya jioni. Walikuwa na majina sasa, na makabila, na wauaji wao pia walikuwa na majina, mengine ya watu niliowaona sokoni siku hiyohiyo wakiuza kondoo. Wenye maduka waliojuana tangu wakati wa mkoloni walianza kufunga mapema. Malori yaliyobeba vijana yalipita kizuizi cha polisi, na kila mtu alijua hawaendi kuchunga.

Mwisho wake stoo ilirudi kuwekwa ngozi. Wino ulikauka ndani ya mashine ukawa mgumu kama lami, na misheni haikuiulizia. Mimi nilidandia lori la kwenda Marsabit bila kuaga vizuri. Sijui nilikuwa nakimbia nini, kwani hakuna aliyenifukuza. Katika miji yote niliyopita nimesikiliza watu wakisema Kiswahili chao, nikitega sikio, na mpaka leo sijapata neno ambalo ningemrudishia mzee yule.

Nilipita Isiolo mara moja tu Haji akiwa hai. Nilimwona sokoni amesimama kwenye uzio, mwembamba, ameegemea bakora. Mwalimu alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na mfuko wa vitabu. Walisimama.

"Salaam aleikum, Haji," Mwalimu alisema.

"Aleikum salaam. Habari ya kanisa?"

"Nzuri."

Walibaki wamesimama hivyo wakitazama ng'ombe wakipitishwa, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme la pili, mpaka mnunuzi akamwita Haji kutoka ndani ya uzio.