Kwini Si Malkia

Muuza karoti wa sokoni Morogoro huosha kila karoti kwa kiganja, taratibu, akianzia shingoni. Leo karani wa vitambulisho amepita mezani kwake, akamwamkia, kisha akataka kumrekebishia jina la ukoo. "Mama, Kwini ni malkia kwa Kiingereza. Nikuandikie kwa tahajia ya Kiingereza?" Kwanza mama amefuta mikono kwa kanga, kama kawaida yake kabla ya neno zito. "Cheo kisicho changu sikitaki, mwanangu. Kwini lilikuwa jina la ukoo la sista wa Ireland, mkunga wa misheni yetu kule mlimani. Baba alizaliwa mikononi mwake, akapewa jina lake." "Kumbe una ndugu Ulaya?" "Ndugu wa mikono tu. Kule kwetu kuna Kwini mpiga kinanda, Kwini fundi viatu; wote aliwaosha yeye walipozaliwa." Karani ameliacha jina lilivyo. Mama ametabasamu, akachovya karoti nyingine majini, akaianzia shingoni, kama aoshwavyo mtoto mchanga.