Majivu ya Mbao za Paa

Pale saiti ya Nzuguni kazi yangu ilikuwa stoo na usafi, maana yake uchafu wote wa jengo ulikuwa wangu. Kifusi walikiomba majirani ili wajazie viwanja vyao kabla ya mvua. Vipande vya nondo vilichukuliwa na watu wa chuma chakavu. Mifuko mitupu ya saruji ilipotea yenyewe, sikuwahi kuuliza inakwenda wapi. Mabaki ya mbao yalikuwa haki ya mama lishe. Ndivyo ilivyo kwenye saiti zote nilizopitia, na ukimnyima kuni, mafundi watakununia wewe, si bosi.

Mama lishe wetu alikuwa Mgogo wa makamo, mpole hadi ananiudhi. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akijibu "marahaba mwanangu" na kunipa uji kabla sijauomba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikianza kuwafokea vibarua, yeye ndiye aliyekuja kunivuta mkono nikae.

Tulipofika kwenye paa zikaja mbao za kijani, zile zilizotiwa dawa, kwa sababu mchwa wa huku hawana adabu. Muuzaji aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Dada, vipande vya hizi msipikie. Fukieni." Nilimsikia vizuri kabisa, nikasema sawa.

Mafundi walipomaliza kuzikata, mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake, na rundo la vipande lilikuwa limeziba njia. Kuchimba shimo kwenye ardhi ile ya kiangazi ni kazi ya siku nzima ya vibarua wawili, nami sikuwa nao. Nikamwita mama, nikamwambia abebe zote. Alishukuru mpaka nikaona aibu. Mkaguzi alipita, akasema hajaona saiti safi kama ile, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Nilijidanganya kwamba moshi unaishia hewani. Majivu, ambamo dawa ile hubaki, sikuyafikiria. Mama hakuwa akitupa majivu: aliyajaza kwenye kopo lililotobolewa chini, akayamwagia maji, na maji yaliyochujika ndiyo aliyolainishia mboga ya mlenda badala ya magadi ya dukani. Alifundishwa hivyo na mama yake, ila mama yake alikuwa anachoma mabua ya mtama. Kopo lile nilikuwa nimeliona mara nyingi, na mlenda wake nimeula nikajilamba vidole.

Siku balaa lilipotokea nilikuwa nimekwenda sokoni Majengo kununua misumari ya bati. Niliporudi, mafundi plasta watatu walikuwa wamelala kivulini wanatapika, na mama naye anatapika huku akihangaika kuwapa maji. Hao wanne ndio waliokula mlenda, wengine walikula maharage. Jikoni kopo lilikuwa bado linadondosha maji, na majivu ndani yake yalikuwa ya mbao zangu. Hospitalini daktari akaniuliza, "Pale kwenu kuna dawa yoyote ya sumu ambayo inaweza kuwa imeingia kwenye chakula?" Nikasema hakuna.

Fundi mmoja alifariki siku ya tatu, akaacha mke mjamzito. Hadi leo sijui kama jibu la kweli lingemsaidia.

Mama alipona, lakini jina lake halikupona. Pale saiti wengine walisema kaweka sumu, wengine wakasema uchawi, na sufuria zake zikatupwa nje ya uzio wa mabati. Alinifuata stoo akiwa bado dhaifu, anajishikilia mlangoni.

"Mwanangu, wewe umesoma. Niambie nilikosea wapi. Mboga nilichambua mwenyewe."

"Sijui, mama," nikamjibu, huku nikijifanya napanga makoleo. Jibu lile nalichukia kuliko lile nililompa daktari, maana daktari hakuwa amewahi kunifanyia wema wowote.

Wiki mbili chakula hakikupita kooni. Mwishowe nikapanda bodaboda hadi kwa wafiwa, kijijini nje kidogo ya mji, nimeamua kusema yote: mbao, onyo la muuzaji, mkaguzi, majivu. Nilitaka mama apate jina lake, hata kama mimi ningepelekwa polisi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Baba wa marehemu alinipa kigoda. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nisihangaike na pole nyingi, mambo yamekwisha. Mama lishe alikuja jana yake na ndugu zake, akaleta mbuzi wa kuomba radhi, akapiga magoti pale uani na kukiri kwamba mkono wake ndio uliomuua mtoto wao, ingawa hajui ulifanyaje.

"Tumemsamehe," akasema mzee. "Lakini hatapikia watu tena. Ameapa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Niliogopa. Nikajiambia kwamba wazee hawa wameshatulia, kwamba nikisema nitawafukulia msiba upya, na nilijua wakati ule ule kwamba ninajitafutia pa kujificha. Mjane akaja na maji, akaninawisha mikono, akaniwekea mbele ugali na nyama ya yule mbuzi. Nikala.