Nafasi ya Ukutani

Kabla sijawaeleza habari za Mzee Msasa, nisimame kidogo niwaonyeshe jinsi watu wanavyosimama wanapolenga shabaha kwa bastola, maana msipoliona hilo hamtaona mengine. Mlengaji haikabili shabaha kwa kifua kama askari wa kwenye sinema. Anasimama ubavu. Anayetumia mkono wa kulia huielekezea shabaha bega la kulia, mkono umenyooka, mkono wa pili umetulia mfukoni, na kifua chake kinatazama kushoto. Sasa wapangeni watu kama hao kwenye mstari mmoja, kila mtu na nafasi yake. Mtu anaona nini mbele yake? Kisogo cha jirani. Ni foleni ya visogo tu, mpaka aje mtu wa mashoto. Huyo husimama kinyume cha wenzake, na jirani yake wa upande wa kulia hupata bahati ya kutazamana na uso wa mtu.

Mzee Msasa aliipata bahati hiyo miaka mingi, na uso wenyewe ulikuwa wa mkewe.

Alikuwa fundi wa viti. Jina la Msasa alipewa kwa sababu kidole gumba chake hakikutulia. Akikaa mahali, hata ugenini, mkono unapita chini ya meza kutafuta palipoparuza. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mama mwembamba mwenye kiwiko kilichozoea kubeba chuma kizito tangu asubuhi, na kwenye klabu yao ya kulenga shabaha walimwita Bi Mashoto. Yeye ndiye aliyesimama kwenye nafasi ya mwisho kushoto, ile iliyogusana na ukuta. Mumewe alisimama kwenye inayofuata. Bastola zilikuwa za upepo, mali ya klabu, na kila mwanachama hukabidhiwa yake. Lakini mpini wa bastola ya Bi Mashoto ulichongwa na mumewe. Alimfinyangisha bonge la udongo kwa mkono wa kushoto, akauchukua mfano ule na kuuhamishia kwenye mbao ngumu nyekundu, kila kidole na kitanda chake.

Kulikuwa na mzaha baina yao ambao haukuisha. Mzee Msasa hakuwa na haraka na dunia. Kwenye mashindano, wenzake wameshamaliza risasi zao, yeye bado anavuta pumzi. Na ukumbini mtu haruhusiwi kusema wala kutazama nyuma watu wanapolenga. Basi muda ukikaribia kwisha, Bi Mashoto humnyanyulia nyusi. Mzee akiona nyusi zimepanda, anajua azipige zilizobaki haraka. Hazijapita pumzi mbili tatu baada ya risasi ya mwisho, sauti ya msimamizi hiyo: "Muda umekwisha! Silaha chini!"

"Umejuaje?" humuuliza wakirudi nyumbani.

"Mifupa."

"Mifupa gani, we mwanamke?"

"Mifupa yangu inausikia muda. Yako imejaa vumbi la mbao."

Akambembeleza, akamtega, akamnunia. Jibu lilikuwa hilo hilo, na kicheko juu yake. Bi Mashoto akaugua kifua, akafariki, na siri yake akaondoka nayo.

Nafasi ya mkewe iliachwa wazi kwa heshima, na tangu hapo Mzee Msasa akiinua bastola alitazamana na ukuta. Ulikuwa na ufa mwembamba ulioshuka kutoka dirishani, na aliujua ufa ule kuliko alivyowajua majirani wa mtaani kwake. Nyumbani, binti yao aliyeolewa mbali alimpigia simu jioni.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Baba jamani!"

"Mwanangu, ningekula kisichokuwa chakula ningekuambia."

Walicheka, simu ikakatwa, na nyumba ikarudi kuwa nyumba yenye kiti kimoja kinachokaliwa.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe kiligongana na kisahani, halafu patasi ikaanza kwenda inakotaka yenyewe, na mwisho risasi zikatawanyika kwenye kadi ya shabaha kama mtama uliomwagika. Msimamizi aliona. Huyu alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na wote walimwita Mama Mkunga. Mwenye sauti ya kumtuliza yeyote.

"Mzee wangu, mkono huo unawapungia watu."

"Umechoka tu."

"Nimepokea watoto maisha yangu yote. Kiungo kilichochoka nakijua, na kilichogoma nakijua. Huo umegoma."

"Basi nifanyeje? Nikae nyumbani nitazame ukuta?"

"Kwani hapa unatazama nini?"

Neno lilimtoka, na alitamani alirudishe. Mzee aliinamia kadi yake akaikunja taratibu. Mama Mkunga akashusha sauti. "Jaribio la mwisho wa mwaka linakuja. Kanuni unaijua. Asiyefikisha alama ndani ya muda anaiacha nafasi, kuna watu nje wanasubiri. Siwezi kukupendelea, watanila nyama. Ila una mkono mwingine. Na bastola ya mashoto tunayo moja tu, bado iko kabatini."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Akifaulu kwa mkono wa kushoto, angebaki mahali pekee duniani ambapo bado alisimama jirani na mkewe. Akishindwa, mgeni angesimama pale, na bastola ile ingeingia mkononi mwa mtu ambaye hakuwahi kumwona Bi Mashoto.

Akaichukua. Mpini haukumkubali. Kiganja chake kilikuwa kipana na vitanda vile vya vidole vilikuwa vya mtu mwembamba. Dawa ilikuwa rahisi kwa fundi: kukwangua kidogo hapa, kidogo pale. Alikaa karakanani kwake na msasa kwenye mkono wa kushoto na mpini mapajani. Akaweka gumba lake mahali pa gumba la mkewe. Mbao ilikuwa imeng'aa pale, imelambwa na jasho la miaka. Akakaa hivyo mpaka birika likakauka jikoni na harufu ya chuma kinachoungua ikamfikia. Akaufungua mpini, akauviringishia kitambaa, akauweka kwenye droo. Angechonga mwingine, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umegoma, angeuchonga kwa kushoto.

Ulitoka kitu cha ajabu. Kinyozi, aliyekuwa jirani yake wa upande wa pili klabuni, aliuzungusha mkononi.

"Mzee, hii ni bastola au kiazi kimeota mtutu?"

"Nipe kiazi changu."

"Nakupa, nakupa. Usije ukanilenga bure."

Siku ile ile ndipo alipofanya lile kosa lililochekwa ukumbi mzima. Alisimama kwenye nafasi yake ya kawaida, bastola mkono wa kushoto, akageuka kama inavyotakiwa. Lakini mazoea ni kitu kigumu. Jicho la kushoto, ambalo alilifumba miaka yote, lilijifumba lenyewe, na mkono ukafuata jicho la kulia. Akapiga risasi zake zote kwa utulivu kabisa. Kadi yake ikaja nyeupe. Kadi ya Kinyozi ikaja na matundu mengi kuliko risasi alizopiga mwenyewe.

"Ahsante kwa mchango, mzee!" Kinyozi akapaza sauti. "Na moja imepiga katikati, hiyo siirudishi!"

Wakacheka. Mzee naye akacheka, kisha akageuza shingo ili kuona kama nyusi fulani zimepanda. Ukuta ukamtazama.

Kinyozi akakuna shingo. "Halafu mzee, samahani. Ukisimama hivyo tunatazamana uso kwa uso. Mimi nimezoea kisogo chako. Nakosa kabisa. Kwa nini usisimame pale kwa mama?"

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo kabla. Mzee Msasa alibeba kadi zake, akaingia kwenye nafasi ya ukutani, ufa ukawa nyuma ya mgongo wake. Mbele yake palikuwa na nafasi yake mwenyewe, tupu. Sakafu ilikuwa imechubuka pale alipokuwa akikanyaga, alama mbili za miguu ya mtu asiyekuwapo. Kumbe hivyo ndivyo mkewe alivyokuwa akimwona.

Nyumbani aliufundisha mkono wa kushoto kama anavyofundishwa mtoto. Alisugua nao meno, mswaki ukaingia puani. Alikoroga nao chai, akafungua nao milango, akasimama chumbani ameinua pasi ya zamani ya mkewe mpaka bega likaomba msamaha. Na katika kuhangaika huko akaanza kugundua jambo lisilompa raha. Kabati la jikoni, alilolitengeneza mwenyewe na kujivunia, lilifunguka vibaya: ukivuta mlango kwa kushoto unakugonga kifuani. Komeo la mlango wa uani lilikuwa upande usiofikika. Kisu cha mkate, mkasi, hata ndoano ya taulo, vyote vilimgomea. Alikuwa amemjengea mkewe nyumba nzima ya mkono wa kulia, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama hariri, na mwanamke yule akaishi ndani yake akikunja kiwiko kila asubuhi. Hakulalamika hata siku moja. Au alilalamika, na yeye alikuwa anapiga msasa.

"Baba, sauti yako leo ikoje?" binti aliuliza jioni hiyo.

"Mama yako aliwahi kukuambia kabati linamsumbua?"

"Kabati gani?"

"La jikoni."

"Alikuwa anafungua kwa mguu, Baba. Ulikuwa hujui?"

Siku ya jaribio ikafika. Siku za mazoezi Mama Mkunga hutembea nyuma ya watu akirekebisha mabega, lakini siku ya mashindano au jaribio huketi kwenye kiti mwisho wa ukumbi upande wa kulia, nyuma ya mstari, saa mkononi. Akatoa amri, milio midogo ya upepo ikaanza.

Mzee Msasa alianza vizuri. Jicho lilikuwa limeshajua zamu yake, kiazi kilikaa kiganjani. Pumzi ikaingia, ikatoka nusu, ikasimama. Risasi. Anashusha mkono mezani, anapumzika, anainua tena. Tatizo ni lile lile la siku zote, lakini mkono wa kushoto ulikuwa wa polepole hata kumzidi mwenyewe. Kinyozi alishamaliza, ameweka bastola chini. Mwingine akamaliza. Risasi za Mzee zilikuwa bado kwenye kisahani, na muda hakujua umebaki kiasi gani. Kwenye ile nafasi tupu mbele yake hapakuwa na nyusi za kumwambia.

Akashusha mkono kupumzika. Macho yakapita juu ya sakafu iliyochubuka, yakampita Kinyozi, yakafika mwisho wa ukumbi. Akamwona Mama Mkunga kitini. Alikuwa amevua viatu. Miguu yake yenye soksi ilikuwa imetanuka kwa raha, ya mtu aliyesimama sana maishani. Hapo hapo mguu mmoja ukaanza kupapasa sakafu, taratibu, ukitafuta kiatu. Ukakipata. Ukaingia. Wa pili ukaanza kupapasa.

Mzee akaelewa. Aliinua mkono akapiga. Akapakia, akapiga. Risasi ya mwisho ilitoka wakati Mama Mkunga anainuka, amevaa vyote viwili, anafungua kinywa.

"Muda umekwisha! Silaha chini!"

Mzee Msasa akaweka bastola mezani na kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wakatazamana. Katika mstari ule hakuna mwingine aliyesimama anautazama upande huo. Viatu vya Mama Mkunga vilikuwa vikivaliwa nyuma ya migongo yao wote miaka hiyo yote.

Kadi zikahesabiwa. Alama zilitosha, kwa shida, lakini zilitosha. Mama Mkunga akamjia akiwa amekunja uso.

"Hongera, mzee wangu. Nafasi ni yako. Lakini tangu mama aondoke hujamaliza ndani ya muda hata mara moja. Leo umejuaje?"

Akamtazama, akatazama viatu vyake, vyeusi, vya kawaida kabisa.

"Mifupa," akasema.

Alirudi nyumbani kwa miguu, upande wake wa kulia, alikozoea kutembea mkewe, ukiwa mtupu. Mara kadhaa alifungua kinywa kuanza kusimulia, akakifunga. Jikoni aliweka birika motoni, akalisogelea kabati, akavua kandambili, na kwa kidole cha mguu akauvuta mlango. Ukafunguka bila kumgonga.

"Viatu, bibie," aliliambia kabati. "Kumbe ni viatu."

Akachukua vikombe viwili, akakirudisha kimoja, akasubiri maji yachemke.