Ovaroli ya Jumamosi

Wasike ni fundi wa breki Kitengela, na usimfundishe mambo ya breki, atakufundisha wewe. Miaka ishirini na miwili amelala chini ya magari ambayo wengine wangeyauza kama vyuma kuukuu, malori ya mifugo hasa. Na kazi yake ilikuwa na alama yake: akishafungua dramu ya breki, alivuta mpira wa hewa wa kompresa na kulipuliza vumbi lote hadi chuma king'ae. Wateja walipenda kuliona lile wingu jeusi. Hapo ndipo walipoamini kwamba fundi amefanya kazi.

Jumanne, Haibe muuza mbuzi alileta lori lake, lori lenye umri wa kumzaa dereva wake. Wasike aliposhika mpira, Haibe alirudi nyuma hatua kumi na kujifunika pua kwa shali.

"Fundi, ngoja. Hilo vumbi si zuri."

"Bosi, hili tumelila tangu zamani. Mbona hatujakufa?"

"Walikuja kutoa paa la asbestosi pale shule ya watoto wangu. Watu wamejifunika mwili mzima, na wanalimwagia maji kabla ya kuligusa. Mmoja akaniambia breki za magari ya zamani pia zaweza kuwa na hiyo kitu. Ikiingia kwa mapafu haitoki. Inakaa miaka ishirini, thelathini, halafu inakumaliza. Na usiibebe kwa nguo ukapelekea watu wako nyumbani."

Wasike alicheka, akapuliza. Fundi mwenye jina hafundishwi kazi na muuza mbuzi, ama vipi? Lakini Haibe alipoondoka, alipanda kwenye rafu na kushusha boksi kuukuu la vipuri vya breki, alilorithi kwa marehemu Kiilu, aliyemfundisha kazi. Akalipangusa kwa kidole. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuwahi kujisumbua kuzisoma, neno lenyewe lilikuwapo: asbestosi. Kiilu alikufa kwa kifua, na watu wakasema ni sigara, ilhali Kiilu hakuwahi kuvuta hata moja.

Sasa nikwambie kilichomtia hofu, maana hakikuwa kifo chake mwenyewe. Mkewe, Jacinta, alikuwa akikohoa, wiki ya tatu hiyo. Na kila Jumamosi, Wasike akiwa gereji, ovaroli ilikung'utwa kwanza ndipo ilowekwe. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakisema juu ya ovaroli ya fundi, lakini Wasike aliona kama wamemtaja kwa jina.

Hakumwambia mtu. Jacinta akikohoa mezani, yeye aliacha kutafuna mpaka kikohozi kiishe. Kule gereji hakugusa tena mpira wa kompresa. Alifuta dramu kwa kitambaa kilicholowa maji, polepole, mpaka mafundi wenzake wakamuuliza kama anaogesha mtoto. Ile ovaroli ya Jumanne aliitia kwenye gunia, akaificha nyuma ya tangi la maji nyumbani, aje ailoweke mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alimpeleka Jacinta hospitali Kajiado. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Soipan, aliagiza picha ya kifua. Wasike alingoja kwenye benchi, mikono kaibana katikati ya magoti, akiahidi Mungu mambo ambayo hata hakuyakumbuka baadaye.

"Ni nimonia," Soipan alisema. "Dawa atakunywa siku saba, atapona. Sioni kitu kingine."

Wasike akalia, mzee mzima, mbele za watu. Pale pale akaeleza yote: vumbi, boksi, Kiilu. Soipan alimsikiliza, akasema vumbi hilo huwezi kulijua kwa macho, huenda lilikuwa na asbestosi, huenda halikuwa nayo. Na kwamba picha ya leo haiwezi kumwambia ya miaka ijayo.

Walipotoka nje Jacinta alimshika mkono. "Baba Cindy, ungeniambia mapema. Kifua changu na vumbi havipatani, unajua. Mimi sijakung'uta hiyo ovaroli miaka mingi."

"Nani hukung'uta?"

"Si ni Cindy. Tangu akiwa darasa la tatu. Huipiga kwa ukuta hapo nyuma."

Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Cindy ndiye mtoto wao wa pekee. Ana miaka ishirini na mmoja, ndiye huanzisha nyimbo kanisani. Akatoa simu, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Jacinta alimtazama usoni, hofu ikamwingia naye.

Walipofika nyumbani, Cindy alikuwa anamwaga maji ya kufulia. Ovaroli ilikuwa kwenye kamba, inadondoka maji.

"Simu ilikuwa ndani, Baba. Daktari amesema aje?"

"Mama atapona."

"Asante Mungu." Akacheka. "Na wewe ulienda kuificha ovaroli nyuma ya tangi. Nimeitafuta mpaka nikaipata. Leo ilikuwa chafu, nimeikung'uta mpaka nikapiga chafya."

Nyusi zake zilikuwa na vumbi la kijivu. Wasike alichukua leso mfukoni, akailowesha kwenye mfereji wa tangi, akaanza kumfuta: nyusi, mashavu, pembeni mwa pua.

"Baba, mbona unanipangusa kama mtoto?"

Darasa la tatu alikuwa na miaka tisa. Wasike alitoa tisa kwenye ishirini na moja, akapata miaka kumi na miwili, akailowesha leso tena.