Jina la Sajini Ndani ya Kompyuta Yetu

Kompyuta ililetwa na shemeji yangu, padri, aliporudi kutoka Ubelgiji. Ilikuwa kuukuu, ya kuchezea michezo nyumbani, na kioo chake kilikuwa televisheni yetu. Mimi, mwalimu wa hesabu katika Kenya, si ile nchi bali komini, yaani mtaa mmoja wa mji wetu, niliitilia kwa disketi mfumo wa jamii ya Unix, ule wa kompyuta kubwa za maofisini. Mfumo huo haukuachii kitu mpaka utaje jina na neno lako la siri. Mkubwa wake, yaani mwenye ruhusa ya kuandika na kufuta majina, alikuwa mke wangu, maana mimi maneno ya siri huyasahau.

Waasi walipoukaribia mji na jeshi la serikali kuanza kusambaratika, askari walipora nyumba kwa nyumba. Kwetu aliingia sajini mmoja, bunduki begani, akakuta kioo kinawaka.

"Inasema nini?"

"Inaomba jina yako, chef," nikajibu, nikimwita mkubwa kwa Kifaransa.

Akaandika kwa kidole kimoja. Ikamkataa. Akarudia, akibonyeza kwa nguvu zaidi.

"Inanikatala! Juu ya nini?"

"Haikujue bado, chef. Mupaka mama akuandike."

Mke wangu alikuwa akifua. Akakausha mikono, akamwandika. Mashine ilipomkaribisha kwa jina, sajini alijinyoosha kama aliyepandishwa cheo. Kisha akabeba televisheni. Kompyuta akaiacha.

"Jina yangu iko mule ndani," alisema. "Muichunge."

Siku chache baadaye alirudi, televisheni kichwani. Aliiunganisha, akaingia, akaitazama folda yake isiyo na kitu, akaridhika, akaondoka na televisheni tena. Ikawa desturi, huku risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege. Tukamzoea, tukawa tunamwekea kiti.

"Humu mukubwa ni nani?" aliuliza siku moja.

"Ni miye," mke wangu akajibu.

Akasimama, akapiga saluti.

Mwishowe alikuja mikono mitupu.

"Televisheni nilibadilisha na nafasi mu treni ya Sakania, kule ku mupaka. Munifute. Bale baaskari bapya bakikuta jina yangu, bananiua."

"Bila televisheni hatuone kitu, baba," mke wangu akamwambia.

"Mufute vile vile."

Mke wangu akaandika bila kuona neno hata moja. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi.

"Imekubali?"

"Sijue."

Alifikiri kidogo, akashukuru. Suruali yake ilikuwa ya kiraia lakini shati bado la kijeshi, kwa hiyo mke wangu akampa langu la Jumapili. Lilimbana mabegani. Akatoka kwa mlango wa jikoni, akitembea pole pole, mikono mbali na mwili, asilipasue.